UZI: Siku nne Tukuyu bila gari, mlima gani naweza kupanda nikarudi siku hiyohiyo?

#1 Mchovu wa Lami

Wakuu habari zenu.

Mi ni mtu wa Dar, kazi yangu ya kukaa kwenye kiti asubuhi mpaka jioni, mgongo umeshaanza kunidai. Mwisho wa mwezi huu wa nane nimepata siku nne za likizo na sitaki bichi, bahari naiona kila siku nikiwa kwenye foleni. Nataka baridi na vilima. Nimechagua Tukuyu kwasababu moja tu, miaka ya nyuma nlipita hapo kwenye hiace nikienda msibani Kyela, ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka mpaka barabarani, mashamba ya chai yamenyooka kama yamekatwa na kinyozi, alafu kwa nyuma limlima jeusi limekaa kimya halina habari na mtu. Nikasema hapa ntarudi siku sina haraka.

Mpango: nalala mjini siku zote, asubuhi natoka na begi dogo napanda, jioni narudi naoga maji ya moto, nakula ndizi, nalala. Mambo ya mahema hapana. Gari sina. Nimesikia kuna Ziwa Ngosi, mlima Rungwe wenyewe, Daraja la Mungu, wengine wananiambia Kitulo. Ipi inawezekana kwa mtu ambae zoezi lake kubwa ni kupanda ngazi za ofisini umeme ukikatika? Na je lazima nichukue mwenyeji au njia inaonekana tu?

Tiririkeni watu wa nyanda za juu kusini.

#2 Mwana wa Katumba

Ugonile mkuu, karibu nyumbani.

Nikujibu kwa mpangilio wa miguu yako sio wa umaarufu. Siku ya kwanza usiguse mlima. Umetoka Dar usawa wa bahari, umekaa kwenye basi au kwenye treni ya TAZARA siku nzima na usiku, ukifika Mbeya panda hiace stendi ya Nane Nane, kama kilometa 70 uko Tukuyu, lala. Kesho yake, ndo siku ya kwanza yenyewe, nenda Daraja la Mungu na Kijungu. Ni mto Kiwira huohuo. Daraja ni mwamba wa volkano, lava ilipopoa maji yakatoboa njia chini yake, juu likabaki daraja ambalo hakuna fundi aliyelijenga, miti imeota juu yake kabisa. Kijungu ni pale mto unapobanwa kwenye mwamba unajisokota ndani ya tundu kama chungu kinachochemka. Pako ndani ya eneo la chuo cha magereza kwa hiyo getini unajieleza kistaarabu, unaacha majina, na usianze kupiga picha majengo. Na pale Kijungu usijifanye unasogea ukingoni upige selfi, mwamba ule una utelezi wa kijani huuoni mpaka umeshaukanyaga.

Siku ya pili Ngosi. Shuka Isongole kwenye lami, chukua boda mpaka msitu unapoanzia, kilometa tano hivi, kutoka hapo ni miguu. Mwanzo unadanganya, kama unaenda shambani kwa mjomba, alafu ghafla kinakuja kipande cha kupanda ambacho unashika mizizi kwa mikono. Saa moja na nusu mpaka mbili kwa mtu wa ofisini. Ukingo wa juu uko kwenye mita 2,600 hivi, na ziwa lenyewe liko chini sana kwenye shimo la volkano, unaliangalia kama unaangalia ndani ya kisima. Kushuka mpaka majini usiende kama hujazoea, ni ukuta.

Siku ya tatu Rungwe kama magoti bado yapo.

Siku ya nne Masoko, ziwa dogo la shimo pia, lakini hilo unafika na boda hadi ukingoni. Pumzika.

Sasa la muhimu kuliko yote hayo: TOKA ASUBUHI. Saa 12 uwe umeshakunywa chai uko barabarani. Milima ya huku haikai wazi siku nzima, saa nne saa tano ukungu unapanda kutoka bondeni na biashara imeisha.

#3 chumvi_ya_uvinza

Bila picha huu uzi haujakamilika. Naweka kambi hapa.

#4 Mkinga Asilia

Naona mmeanza kumpamba Rungwe kama kawaida yenu. Mlima mrefu kuliko yote kusini mwa Tanzania ni Mtorwi uko upande wetu wa Kitulo, mita 2,961. Rungwe 2,960. Asanteni kwa kushiriki.

#5 Mwana wa Katumba

Mkinga, mita moja!! Hiyo si hata kimo cha mtoto wa chekechea. Tutapeleka tofali juu kule wikiendi hii tuyamalize.

#6 Mkinga Asilia

Pelekeni. Kwanza mkifika huko juu mtakuwa hamuoni kitu kwa ukungu, mtaliweka tofali bondeni.

Tuache utani, mtoa mada, Kitulo kwa siku moja kutoka Tukuyu inawezekana ila sio kwa boda na sio mwezi wa nane. Njia inachepuka pale Isyonje inapanda kupitia Kikondo, uwanda uko juu ya mita 2,600, upepo wake unapenya sweta mbili. Watu wanaenda kwa ajili ya maua, na maua ni kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa 4 mvua ikiwa imeshanyesha, ndo unakuta nyanda nzima imevaa kitenge. Pana aina zaidi ya 40 za okidi za ardhini, ndo maana 2005 wakapafanya hifadhi ya taifa, wengi tunapaita Bustani ya Mungu. Mwezi wa nane utakuta majani makavu na baridi inayokuuliza jina. Njoo tena masika, uje kwa upande wa Chimala upande zile kona 57 kwenda Matamba, ukifika juu utakuwa umeshatubu dhambi zote.

#7 Mama Parachichi

Wanaume mnamwambia mwenzenu saa 12 awe barabarani, hamjamwambia atavaa nini. Mwanangu sikiliza. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mtu wa Dar akisikia "kiangazi" anakuja na raba nyeupe. Kiangazi cha huku maana yake mvua inanyesha kidogo, sio hainyeshi. Mwezi wa sita na wa saba ni baridi kali na manyunyu, wa nane mpaka wa kumi ndo afadhali. Beba koti la mvua la kweli sio lile la nailoni la elfu mbili linalochanika kwapani. Soksi jozi tatu. Nguo za kubadili ziweke kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi maana begi zenu zinavuja. Simu pia ndani ya mfuko.

Viatu: chenye meno. Kama huna, pale sokoni kuna mitumba mizuri tu, na gambuti zipo. Usicheke gambuti, utakuja kunishukuru.

Chakula cha njiani usihangaike na biskuti. Nunua parachichi mbili, ndizi mbivu, chapati mbili za asubuhi, chumvi kidogo kwenye karatasi. Parachichi na chapati juu ya mlima, hakuna hoteli itakupa hiyo. Na jioni ulizia mbalaga, ndizi za kupikwa na maharage, na kama una bahati nyama kidogo.

Usile sana asubuhi kabla ya Ngosi. Siongezi neno.

#8 Mguu Pande

Mi napinga hili la kuchukua mwenyeji kila mahali. Nimeenda Ngosi mara mbili peke yangu, njia iko wazi, watu wamepita wengi. Kuna apu za ramani siku hizi, unashusha ramani kabla unaenda nayo bila bando. Tusiwatishe watu.

#9 Dereva Mstaafu 1957

Mguu Pande, mdogo wangu, njia iko wazi kwenda. Kurudi je?

Nimeendesha magari barabara ya Uyole na Kyela miaka mingi. Mara moja tuliombwa na wanakijiji gari letu lisubiri, kuna vijana wawili wa chuo walikuwa wamepanda bila mtu, ukungu ukawafungia juu. Ukungu wa kule sio kama moshi, unakuwa kama mtu amekufunika shuka la maziwa, unaona mkono wako na mti mmoja. Walishuka upande mwingine kabisa, wametokea kwenye mashamba ya viazi saa mbili usiku, mmoja ana kiatu kimoja. Hawakuumia. Simu zilikuwa na ramani, chaji hakuna, baridi inamaliza betri.

Mwenyeji sio wa kukuonesha njia ya kwenda. Ni wa kukwambia saa ya kurudi.

#10 Mguu Pande

Shikamoo mzee wangu. Hapo nimenyoosha mikono. Ila bado nasema kwa Ngosi kukiwa kweupe mtu anaweza. Rungwe hapana, Rungwe hata mimi siendi peke yangu, vijia vya wakata mianzi na wachuma dawa vimejaa kila upande.

#11 Mwana wa Katumba

Rungwe isitoshe ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2009, ipo chini ya TFS, wale wakala wa misitu, huingii kama unaingia gengeni. Unapita ofisini kwao hapo Tukuyu siku moja kabla, unalipia kwa kontro namba, wanakupa na mtu. Usiende asubuhi ya siku yenyewe ukategemea mtandao utakuwepo.

#12 Ticha wa Bailojia

Mmetaja Rungwe hamjataja kipunji? Kweli nabii hakubaliki kwao.

Kuna nyani mmoja anaishi kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone hapo Kitulo, na kundi dogo jingine huko Udzungwa, basi, dunia nzima. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua na jina wanalo, watafiti wakasikia kwao ndo wakaanza kumtafuta, wakamuona 2003, wakamtangaza 2005. Mwaka uliofuata wakagundua hafanani na jenasi (ukoo wa wanyama ndugu) yoyote iliyokuwepo wakampa ya kwake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani Afrika tangu 1923. Sensa iliyotolewa 2008 ilihesabu 1,117 tu.

Kumuona sio rahisi, anakaa juu kwenye miti. Manyoya ya kahawia, ndevu pembeni, nywele za kichwani zimesimama kama kijana aliyetoka saluni. Mlio wake ni kama honi ya gari bovu iliyochanganyika na mbwa. Ukisikia honi msituni ambako hakuna barabara, simama, nyamaza, angalia juu.

#13 Binti Itende

Samahani naomba kuuliza, mwanamke peke yake huko pakoje? Na mimi nawaza ila wengi hapa naona ni wanaume.

#14 Mama Parachichi

Mwanangu njoo. Watu wa huku wana heshima, utasalimiwa mpaka uchoke. Chukua mwenyeji kupitia ofisi au kupitia gesti unayolala, sio kijana aliyekukuta stendi akajiita muongozaji. Waambie mapokezi unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Na jifunze "ndaga fijo", ukimwambia bibi wa Kinyakyusa asante kwa kilugha chake utaondoka na mkungu wa ndizi.

#15 Mjukuu wa Mwakaleli

Kuhusu Ngosi bibi yangu alikuwa anasema lile ziwa halikuwa pale. Lilikuwa kwetu Mwakaleli, likawa linasumbua watu, mganga akachoma jiwe mpaka likawa jekundu akalitupia, ziwa likakimbia likaenda kukaa Ngosi. Mimi nacheka lakini ukifika juu ukaliangalia lilivyotulia unaelewa kwanini watu walisema lile ziwa lina kitu. Halina mto unaoingia wala unaotoka unaouona. Sasaivi kuna watu wa jotoardhi wanafanya utafiti pembeni yake wapate umeme, chini kunachemka bado. Na Kyejo hapo jirani ulilipuka miaka kama 200 tu iliyopita, kwa mlima hiyo ni jana.

Masoko nako wanasema Wajerumani wakati wa vita vya kwanza walitupa hela ziwani wakiwa wanakimbia. Watoto watakuja kukuuzia sarafu. Baadhi ni za kweli. Baadhi zimezeeshwa na majivu na limao, shauri yako.

#16 Mchovu wa Lami

Wakuu ndaga fijo sana. Nimeandika yote kwenye daftari. Naondoka alhamisi, mrejesho ntaleta.

#17 chumvi_ya_uvinza

Na picha.

#18 Mchovu wa Lami

MREJESHO. Samahani ni mrefu, niko kitandani miguu iko juu ya mto.

Siku ya kwanza Daraja la Mungu na Kijungu, nimefanya kama mlivyosema. Daraja lilinishangaza kwa kitu ambacho sikutegemea, ukiwa juu yake hujui uko darajani. Nlikuwa natembea kwenye majani naongea na boda wangu naulizia sasa daraja liko wapi, akacheka akaniambia umesimama juu yake. Nikashuka pembeni ndo nikaona maji yanapita chini ya nyayo zangu. Kijungu nlikaa mbali, mzee wa getini alinitazama viatu kwanza kabla hajanitazama usoni.

Siku ya pili Ngosi. Hapa naomba radhi kwa Mwana wa Katumba. Ulisema saa 12. Mimi nimeamka saa 12, chai ya gesti ikachelewa, yule dada akasema gesi imeisha anawasha mkaa, nikasema potelea mbali ngoja ninywe kuna baridi. Isongole nimeshuka saa tatu kasoro. Boda, msitu, nimeanza kupanda saa tatu na nusu.

Mwenyeji wangu kijana mdogo tu amevaa yeboyebo. Yeboyebo wakuu! Mimi nina buti la mtumba lenye meno kama la mwanajeshi na nlikuwa nateleza kila baada ya hatua kumi, yeye anapanda huku anatafuna muwa, akifika mbele ananisubiri, nikifika anaondoka, kwa hiyo yeye anapumzika mimi sipumziki. Kile kipande cha mwisho cha mizizi nilipanda kwa miguu minne. Migomba pori pembeni, mianzi, matope yananuka kama chai iliyolala.

Tumefika juu saa tano na kitu. Nyeupe. Hakuna ziwa, hakuna shimo, hakuna upande wa pili, nimesimama kwenye ukingo wa dunia naangalia ukuta wa maziwa. Nlitaka kulia. Kijana akakaa chini akasema tusubiri, nikatoa parachichi na chapati (Mama Parachichi Mungu akubariki), tukala hatuongei. Kama nusu saa baadae upepo ukageuka. Sikuona ukungu ukiondoka, niliona rangi kwanza, kijani fulani huko chini kabisa kwenye pengo, ikapanuka, ikawa maji, kuta zote zimejaa msitu mpaka majini na hakuna hata wimbi moja. Nimetoa simu kwenye mfuko wa plastiki wa Mama Parachichi, fundo limenigomea, nikalikata kwa meno, nimepiga picha mbili, pazia likafungwa. Dakika tano labda, labda tatu.

Kushuka ndo kibaya kuliko kupanda, hilo hamkuniambia kwa sauti ya kutosha. Nimeshuka nusu ya mlima kwa makalio.

Siku ya tatu Rungwe. Safari hii saa 11 na nusu niko nje, nimekunywa maji ya moto matupu. Kibali nlishachukua toka mchana wa siku ya kwanza. Muongozaji mtu mzima, maneno machache. Kaniambia jambo moja kabla hatujaanza, saa saba mchana popote tutakapokuwa tunageuka. Nikasema sawa mzee.

Tumepita chai, migomba, msitu wa miti mikubwa yenye ndevu, siafu wamenikumbuka mara mbili. Kipunji sikumuona. Ila kama saa mbili ndani ya msitu nlisikia, naapa nlisikia, pap-pap kule upande wa kushoto juu. Mzee akasimama, akainua kidole. Tumekaa hapo kimya mpaka jasho likapoa mgongoni. Matawi yakatikisika mbali. Basi.

Saa saba imetukuta tumeshatoka kwenye miti mirefu, tuko kwenye vichaka vifupi na nyasi, kilele nakiona. Nakiona kabisa wakuu, pale. Nikamwambia mzee dakika arobaini tu. Hakubishana. Aligeuka akaanza kushuka. Nimesimama pale kama mtoto aliyenyimwa sambusa, nikaangalia kilele, nikaangalia mgongo wa mzee unazama kwenye vichaka, nikamfuata. Nlikuwa nimenuna lisaa lizima.

Saa nane na nusu mvua ikaja. Sio manyunyu. Njia ikageuka mto, mzee akanikatia fimbo, akawa ananionesha pa kuweka mguu mmoja baada ya mwingine. Tumetoka msituni saa 12 kasoro giza linaingia. Kama ningepata zile dakika arobaini zangu na za kurudi, hesabu mnaijua.

Siku ya nne Masoko nimekwenda kwa boda, nimekaa ukingoni, nimenunua sarafu moja. Inanukia limao.

#19 Dereva Mstaafu 1957

Huyo mzee wa Rungwe nadhani namjua. Nisalimie ukirudi.

#20 Mkinga Asilia

Kwa hiyo hujafika kileleni. Basi hiyo 2,960 wewe hujaithibitisha. Mtorwi inakusubiri mwezi wa pili, maua yakiwepo, mwenyeji nakuwa mimi na saa ya kugeuka nasema mimi.

#21 Mwana wa Katumba

Usimsikilize huyo, amalize Rungwe kwanza, kile kipande kilichobaki kina jina lake. Mkuu, uliyekuwa nae Ngosi wa yeboyebo ni binamu yangu, amenipigia simu anasema kuna mtu wa Dar ameshuka mlima kwa makalio.

#22 Binti Itende

Nimekata likizo ya wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Buti za mtumba bei gani hapo sokoni?

#23 Mama Parachichi

Mwanangu nunua gambuti.

#24 Mchovu wa Lami

Mama yuko sahihi. Buti langu nimelianika dirishani toka jumapili na leo alhamisi bado linatoa maji.

Picha chumvi_ya_uvinza ndo hizo mbili. Ya kwanza ni Ngosi. Ya pili ni kidole changu.